Kitu Kikisimikwa, Mahali Hubadilika

Maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wakaazi wa Marafa, Kaunti Ndogo ya Magarini, juu ya sanaa, majengo na utunzaji wa Nyari



Mgeni anayekuja Marafa kwa mara ya kwanza hufika kabla ya kujua kwamba amefika. Ametoka Malindi, amevuka daraja la mto Sabaki, amepinda kuingia bara, na njia nzima hakuona kitu ila ardhi tambarare: mahindi, mikorosho, miembe, mbuzi wanaokatiza barabara. Hakuna mlima uliomwashiria kwa mbali. Anashuka garini, anatembea kidogo kutoka kwenye nyumba za watu, na nchi inakatika mbele ya miguu yake. Chini kuna minara ya mchanga mgumu, mingine mieupe, mingine ya waridi, mingine ya rangi ya machungwa, mingine myekundu iliyokolea. Imesimama bega kwa bega kama mji ambao wenyewe wamehama.

Jambo la kwanza ambalo mgeni huyo hukosea ni kipimo. Kutoka ukingoni minara ile huonekana midogo, kama vichuguu vya mchwa. Haina mlango, dirisha wala ngazi, vitu ambavyo jicho huvitumia kila siku kukadiria ukubwa wa jengo. Mtu akiona nyumba kwa mbali hujua kwamba mlango ni wa kimo cha binadamu, na papo hapo amepata hesabu ya nyumba nzima. Nyari haina mlango, kwa hiyo jicho hubahatisha, na hubahatisha vibaya. Kisha mwongozaji anatangulia kushuka ile njia ya mchanga. Baada ya dakika chache mwongozaji huyo, mtu mzima, anaonekana kule chini akiwa mdogo kama kidole. Hapo ndipo mgeni hunyamaza.

Mazungumzo haya yanahusu kunyamaza huko. Kunatoka wapi, ni sanaa gani inayokutafuta kwa makusudi, na kwa nini watu wa Marafa wana sababu ya kulifikiria jambo hilo mapema, kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujateremshwa ukingoni.

Jina lenyewe la mahali lina maana kubwa. Kwa Kigiriama, Nyari ni mahali palipovunjika penyewe. Wageni walipaita Jiko la Jehanamu kwa sababu ya joto la mchana, na jina hilo ndilo linalouza tiketi, lakini jina la wenyeji linaeleza zaidi. Wataalamu wa ardhi wanakubaliana nalo kwa njia yao: mchanga ulioshikamana kiasi, mvua inayochimba mifereji, upepo unaomalizia, na ukingo unaorudi nyuma kidogo kidogo. Wazee wanasimulia kwa njia nyingine. Palikuwa na familia tajiri, yenye ng'ombe wengi hata ikaoga maziwa wakati wengine walikosa hata ya kunywa, na Mungu akaididimiza pamoja na boma lake. Rangi nyeupe ni maziwa, nyekundu ni damu. Yeyote anayeshuka na hadithi hiyo kichwani hatembei katika korongo. Anatembea katika nyumba ya watu, baada ya hukumu. Mchanga ni ule ule kwa mtalii na kwa mjukuu wa msimulizi, ila wawili hao hawapo mahali pamoja.

Wasanii wa siku hizi wana jina kwa kazi inayofanya jambo hilo kwa kukusudia. Ni sanaa ya usimikaji, kwa kuwa kazi husimikwa mahali kama nguzo inavyosimikwa. Picha hutundikwa ukutani na kutazamwa, na sanamu huzungukwa. Kazi ya usimikaji huingiwa. Mtazamaji huwa ndani yake kwa mwili mzima, na kinachofanyiwa kazi ni hisia zake za nafasi: upana, urefu, giza, mwangwi, umbali wa ukuta. Msanii huchukua chumba au uwanja ambao watu wameuzoea hata hawauoni tena, akaongeza kitu, akaondoa kitu, au akaziba njia moja, na watu wakauona upya.

Mfano mzuri umetoka Nairobi. Katika mtaa wa Mukuru kuna kundi la wasanii liitwalo Wajukuu, lililoanzishwa mwaka 2004, ambalo kwa miaka mingi limefundisha watoto wa mtaani hapo kuchora. Mwaka 2022 kundi hilo lilialikwa kwenye maonyesho ya documenta, katika mji wa Kassel nchini Ujerumani. Hayo ni maonyesho ambayo hufanyika mara moja kila miaka mitano, na wasanii wa dunia nzima huyangoja. Wajukuu walipewa jumba kubwa la kisasa lenye kuta za vioo. Hawakutundika picha na kuondoka. Walijenga mlango mpya wa jumba hilo kwa mabati yenye kutu, njia nyembamba yenye giza iliyochanganya nyumba za mabati za Mukuru na manyatta ya Wamaasai, na kila mgeni ilimbidi kupita humo kwanza.

Lililotokea ni rahisi kulieleza. Mtu aliyezoea kuingia jumba la makumbusho kwa kifua mbele, kupitia lango pana lenye mwanga, sasa aliingia akikaza macho, akipapasa, akikaribiana na watu asiowajua. Alipotokea upande wa pili, ukumbi ule ule ulionekana mpana kuliko ulivyokuwa siku iliyopita. Hakuna aliyeongeza hata mita moja. Mwaka huo Wajukuu walitunukiwa tuzo ya Arnold Bode, inayotolewa kwa jina la mwanzilishi wa maonyesho hayo. Mabati ni mali ambayo kila duka la vifaa vya ujenzi huko Malindi linayo, na inafaa kulikumbuka hilo, kwa sababu mara nyingi watu hudhani kazi ya kubadilisha mahali lazima iwe ya gharama kubwa na ing'ae.

Mfano wa pili unaukaribia Pwani zaidi. Wasanifu wawili wa Nairobi, Kabage Karanja na Stella Mutegi, wana ofisi yao iitwayo Cave_bureau, na tangu mwanzo walichagua kuanzia usanifu wao mapangoni, kwa hoja kwamba pango ni nyumba ya kwanza ya binadamu. Wamepima mapango ya Kenya kwa mitambo, kona kwa kona, kama mwingine anavyopima ghorofa. Mwaka 2021, kwenye maonyesho ya usanifu ya Venice nchini Italia, walining'iniza mawe meusi ya volkeno yanayong'aa kama kioo, kila jiwe kwenye uzi wake, yakafuata umbo la dari ya pango la Mbai, walimojificha wapiganaji wa Mau Mau. Mtu alisimama chini ya mvua ya mawe iliyogandishwa hewani. Chumba kilikuwa cha Kitaliano, cheupe, cha mraba, lakini shingo za watu ziliinama kama zinavyoinama pangoni.

Miaka miwili baadaye, katika jumba la makumbusho la Louisiana nchini Denmark, waligeukia pango la Shimoni, kule Kwale. Ni pango la mawe ya matumbawe karibu na bahari, na wenyeji husimulia kwamba watumwa walifungiwa humo wakingoja majahazi. Sehemu ya pango hilo ilisukwa upya kwa fito za henzerani, kwa ukubwa wake halisi. Hebu fikiria: ukuta wa jiwe uliozuia watu kutoka sasa ni kama tenga, mwanga unapenya, mtu wa ndani anamwona wa nje na wa nje anamwona wa ndani. Umbo ni la gereza lakini gereza limeondolewa uzito. Mtu anaweza kuuliza, na ni swali la haki, kama ni sawa pango la uchungu wa Pwani liende kusukwa Ulaya, mbele ya watu ambao hawajawahi kufika Shimoni. Jibu moja ni kwamba pango lenyewe halikung'olewa. Liko Shimoni, na wanakijiji wanapokea wageni wao hapo hapo. Kilichosafiri ni vipimo. Tofauti hiyo kati ya kuhamisha vipimo na kuhamisha kitu chenyewe ni kubwa, na hapa Kilifi inajulikana kwa machungu.

Lakini kabla ya machungu, wazee waliosikiliza mpaka hapa huenda wanajiuliza jipya ni lipi. Wana haki. Watu wa Pwani hii walikuwa wakiyachezea macho na nafasi muda mrefu kabla ya maonyesho ya Ulaya.

Nyumba ya mawe ya Waswahili, kwa mfano, ina tatizo moja la kiufundi: vyumba vyake ni vyembamba. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haziwezi kubeba uzito wa chokaa na mawe kwa upana mkubwa, kwa hiyo chumba hakizidi sana mita mbili u nusu au tatu kwa upana, hata tajiri awe tajiri namna gani. Atakayetembea kwenye magofu ya Gede, yaliyoanza kufukuliwa mwaka 1948 chini ya James Kirkman, aviangalie vyumba hivyo: ni virefu, vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Mafundi walilijibu tatizo hilo kwa akili. Waliipanga nyumba kwa tabaka, daka, kiwanda, ukumbi, hadi ndani kabisa, hivi kwamba kila hatua ni kuingia zaidi. Na katika nyumba za Lamu, ukuta wa ndani ulijazwa zidaka, vishubaka vidogo vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu. Taa ikiwashwa, kila kidaka hushika kivuli chake, na ukuta uliokuwa mwisho wa chumba huonekana una kina, kama unaendelea. Chumba kimeongezwa kwa kivuli.

Nyumba ya udongo na makuti nayo ina busara yake. Paa limeshushwa chini hadi mtu mzima ainame kuingia. Anatoka kwenye jua kali, anainama, anainuka gizani, na kwa muda mfupi hajui ukuta uko wapi. Nyumba ndogo inakuwa kubwa mpaka macho yazoee. Wapo vijana wanaoona aibu juu ya mlango mfupi. Wajukuu wa Mukuru walisafiri mpaka Ujerumani kuujenga.

Kaya ni mfano mkubwa zaidi, kwa sababu ni usanifu usio na kuta. Misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, na Kaya Fungo ya Wagiriama ni mojawapo. Anayeruhusiwa kuingia hupita njia maalumu katikati ya miti, huvua viatu, hupunguza sauti, hufuata mzee, na mwisho hufika kwenye uwazi ulio katikati. Hakuna lango la chuma, lakini kila mtu anajua amevuka. Kinachojenga ukumbi huo ni njia, mpangilio wa miti, na mwiko. Ukikata miti kumi ya pembeni hujapunguza msitu tu; umebomoa ukuta wa jengo, hata kama kwenye ramani ekari hazikubadilika kwa kuonekana.

Kisha kuna kigango.

Mzee wa chama cha Gohu anapofariki, familia yake yaweza kumchongea kigango: nguzo ya mti mgumu, bapa, mara nyingi ndefu kuliko mtu, yenye kichwa na kiwiliwili kilichonakshiwa pembetatu kwa pembetatu. Kigango husimikwa katika mudzi, na tangu siku hiyo kiko hapo kwa ajili ya marehemu. Hunyweshwa, husemeshwa, huombwa. Hakihamishwi. Familia ikihamia kwingine, kigango huachwa mahali pake, na mvua, jua na mchwa huachiwa kazi yao. Hilo linamshangaza mtu wa makumbusho, ambaye kazi yake ni kuzuia mchwa. Lakini katika mantiki ya kigango, kuoza mahali pake ni sehemu ya uhai wake.

Tazama sasa kigango kinafanya nini kwa nafasi. Kabla ya kusimikwa, upande ule wa mudzi ni uwanja kama uwanja mwingine: kuku wanachakura, watoto wanacheza. Kikishasimikwa, mtu anayejua hapiti mbele yake ovyo. Mwendo unabadilika, sauti inabadilika, hata mahali pa kuweka kiti panabadilika. Mti mmoja mwembamba umegawa uwanja mzima bila ukuta hata mmoja. Kama kuna ufafanuzi bora wa sanaa ya usimikaji kuliko huo, haujapatikana Venice wala Kassel.

Na ndiyo maana wizi wa vigango ni zaidi ya wizi wa mbao. Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimikia nduguze. Baada ya muda si mrefu vigango hivyo viliibiwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wataalamu huko Marekani, mtafiti mwenzake Linda Giles alionyesha picha za vigango vilivyokuwa katika makumbusho ya chuo kikuu kimoja cha jimbo la Illinois, na Udvardy akakitambua kimoja: ni kile kile alichokipiga picha. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia. Ilipofika mwaka 2007 ndipo kigango cha Illinois kilipokabidhiwa tena kwa familia. Zaidi ya miaka 20 ilikuwa imepita, na familia ilikuwa imehesabu magonjwa na misiba mingi iliyofuata kuondolewa kwake.

Havikuwa vigango viwili tu. Vigango mamia kwa mamia vilitoka Pwani na kuingia katika nyumba za wanunuzi na makumbusho ya Ulaya na Marekani. Makumbusho ya Denver yaliamua mwaka 2014 kurudisha 30, navyo vilifika Nairobi mwaka 2019. Walionunua waliona mchoro mzuri, na kweli ni mzuri. Hawakuona mahali. Katika ukumbi wa makumbusho, chini ya taa, kigango ni ubao ulionakshiwa ambao hauamuru mtu yeyote apunguze mwendo. Na kule kilikotoka kulibaki tundu ardhini. Hata kurudishwa kwake ni kazi ngumu, kwa sababu vingi havijulikani vilisimama mudzi gani, na kigango kisichojua mudzi wake, hata kikifika Kenya, bado kiko safarini.

Sasa ni zamu ya Nyari yenyewe.

Mahali penye wageni huvuta ujenzi, na ujenzi mwingine unahitajika kweli. Njia ya kushukia inahitaji usalama. Choo kinahitajika. Kivuli cha kungojea machweo kinahitajika, na vijana wanaoongoza wageni wanahitaji pa kukaa. Hakuna anayepaswa kuwaambia watu wa Marafa wabaki bila riziki ili wengine wapate picha nzuri. Hoja ni nyingine. Kila kitu kitakachosimamishwa ukingoni kitafanya kazi ya usimikaji, kitake kisitake. Mnara wa kutazamia, ngazi ya saruji, bango la kampuni ya simu, mgahawa wa ghorofa moja: kila kimoja kitalipatia jicho ule mlango ambao Nyari haina. Nyumba ikishasimama ukingoni, mgeni atakadiria korongo zima kwa nyumba hiyo, kabla hajashuka hatua moja. Atajua ukubwa papo hapo. Hatanyamaza. Na paa la mabati mapya linalomulika jua la saa kumi na moja jioni litaonekana hadi chini kabisa, mahali ambapo leo anayeinua macho haoni kitu ila mchanga na mbingu.

Siku ikitokea msanii akaja na mchoro wa kazi ya kusimika Nyari, awe wa hapa au wa mbali, hoja ni hiyo hiyo. Kazi ya sanaa haina ruhusa ya pekee kwa kuwa ni sanaa. Maswali ya kumuuliza si mengi. Kazi hii inategemea mahali hapa, au ingeweza kusimama kwenye maegesho ya magari popote? Itakaa siku ngapi? Ikiondoka itaacha tundu? Na je, inajua hadithi ya maziwa na damu, au inakuja kuzungumza peke yake?

Swali la siku ngapi lina historia inayofaa kusimuliwa. Christo na mkewe Jeanne-Claude walikuwa wasanii waliofunika majengo makubwa kwa vitambaa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wakiomba kulifunika jengo la Reichstag, bunge la kale mjini Berlin. Waliambiwa hapana kwa zaidi ya miaka 20. Hatimaye mwezi wa Februari 1994 wabunge wa Ujerumani walijadili ombi hilo bungeni, hoja kwa hoja, wakapiga kura: 292 waliunga mkono, 223 walipinga. Kansela Helmut Kohl alikuwa miongoni mwa wapinzani. Mwaka 1995 jengo lilifunikwa kwa kitambaa cha rangi ya fedha kwa wiki mbili tu, watu wapatao milioni tano wakaja kulitazama, kisha kitambaa kikashushwa. Jengo lilibaki vile vile, bila msumari. Waliokuwa wakilipita kila siku bila kuliona walikuwa sasa wameliona. Na lilifanyika baada ya mjadala wa wazi wenye kura zilizohesabiwa, ambao hata walioshindwa waliushiriki.

Watu wa Marafa hawahitaji bunge la Berlin. Sheria ya Kenya imewapa nafasi ya kutosha, ikitumiwa mapema. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka shughuli za utamaduni na utalii wa mashinani chini ya kaunti, huku makaburi na majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yakibaki kwa serikali ya kitaifa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka wananchi washirikishwe katika mipango na bajeti, na inampa mwananchi haki ya kuwasilisha ombi kwa maandishi. Miradi mikubwa inahitaji tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mwaka 1999, na tathmini hiyo hutangazwa ili watu watoe maoni. Vitu vya urithi, vigango vikiwemo, vinahusika na Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006. Anayeona kigango kinauzwa au kinasafirishwa awajulishe chifu, polisi au ofisi ya makavazi iliyo karibu. Na familia yenye vigango ifanye jambo moja dogo wiki hii: ipige picha, nguzo pamoja na mahali ilipo, mti ulio karibu, nyumba iliyo nyuma. Ilikuwa picha ya namna hiyo, ya mwaka 1985, iliyomrudisha marehemu nyumbani.

Shida ya maoni ya wananchi katika mambo ya majengo ni kwamba watu huonyeshwa mchoro wa karatasi. Karatasi haina joto wala mwinuko. Mtu huombwa akubali au akatae kitu ambacho mwili wake haujakutana nacho, na mara nyingi hukubali kwa adabu. Kwa Nyari ipo njia nyepesi zaidi. Yeyote anayependekeza jengo ukingoni asimike kwanza nguzo nne za mti mahali hasa anapotaka kujenga, kwa urefu hasa wa jengo, azungushe kamba juu, na atundike shuka au magunia yaliyoshonwa pamoja kuonyesha kuta na paa. Viachwe wiki moja. Jioni, kuanzia saa kumi na nusu, nusu ya wakaazi wakae ukingoni na nusu washuke hadi chini, watazame juu mpaka jua litue. Kesho yake wabadilishane. Wazee wasioweza kushuka waketi upande wa pili wa korongo, kwa sababu kutoka huko ndiko jengo litakakoonekana kila siku. Baada ya hapo mkutano uitishwe, na aliyependekeza ajibu maswali akiwa bado na mchanga viatuni.